Kishikwambi Darasani: Kimfikie Nani Kwanza?

Msikilizaji, kuanzia mwaka 2016 serikali ya Kenya ilisambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, vikilenga watoto wa madarasa ya chini. Kiingereza ni miongoni mwa masomo yaliyomo. Je, jambo hili linakuhusu vipi wewe mzazi?

Linakuhusu kwa sababu kuanzia gredi ya nne, mwanao hufundishwa hesabu na sayansi kwa Kiingereza. Asipokimudu mapema, atayumba katika masomo mengi.

Tuanze na faida. Kifaa humsikilizisha mtoto matamshi na kuyarudia kila anapohitaji. Kwa mtoto wa Turkana au Kwale asiyesikia Kiingereza nyumbani, hiyo ni nafasi adimu.

Sasa tugeukie upande wa pili. Umeme hukatika, vifaa huharibika, na vingine hubaki vimefungiwa kabatini. Isitoshe, utafiti uliofanywa Kisumu ulilinganisha njia tatu: kumpa kifaa mwanafunzi, mwalimu, au mkufunzi anayewatembelea walimu madarasani. Matokeo ya usomaji hayakutofautiana sana, ila njia ya mkufunzi ndiyo iliyokuwa na gharama nafuu zaidi.

Kwa maoni yangu, kifaa hufaa pale mwalimu anapojua kukitumia na anapopata wa kumwelekeza. Watoto wetu wanastahili kifaa na mwalimu aliyeandaliwa, lakini fedha hazitoshi. Basi, msikilizaji, shilingi iliyopo tuielekeze wapi kwanza: kwenye kifaa cha mtoto, au kwenye maandalizi ya mwalimu wake?