Shukrani katika Kazi za Kila Siku Kandokando ya Nyiragongo

Shukrani, yaani hali ya mtu kutambua wema aliotendewa na kuudhihirisha kwa neno au kwa tendo, ina nafasi kubwa katika maisha ya wakulima wa Kibumba, kaskazini mwa Goma, ambao kwa miaka mingi wamelima viazi na kabichi kwenye udongo wenye rutuba wa volkano za Virunga, mojawapo ikiwa Nyiragongo, iliyoteketeza sehemu ya mji wa Goma mwaka 2002 na kulipuka tena Mei 2021. Mazao hayo huteremshwa sokoni kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho mwendeshaji wake hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili, na mzigo unapomlemea kwenye mwinuko hutegemea mikono ya wapita njia. Neno “aksanti” linafaa sana hapo, lakini mkulima anayemlipa mwendeshaji ujira wake siku ileile, bila kumzungusha, ameshukuru zaidi.

Utafiti wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough, uliochapishwa Marekani mwaka 2003, ulionyesha kwamba walioandika kila wiki mambo ya kushukuru waliridhika zaidi na maisha kuliko walioandika kero zao. Hata hivyo, si haki aliyefukuzwa shambani na vita ahimizwe kushukuru badala ya kusikilizwa.

Wasikilizaji wanaombwa wamkumbuke leo mtu mmoja aliyewafaa kazini, na kesho wamwendee wamwambie.