Karate na Ukumbi wa Usharika

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Morogoro)



Taarifa za visima, za mikopo ya akina mama na za miche ya milimani mnazo kwa maandishi, hivyo hatutazirudia. Tumeomba nafasi hii tuzungumzie jambo moja ambalo limeletwa ofisini kwetu na sharika zaidi ya moja, na ambalo kila likitajwa kikaoni watu hucheka kwanza, kisha hugombana. Nalo ni karate.

Ombi lenyewe ni dogo. Vijana wanaofanya karate hapa mjini wanaomba kutumia kumbi za sharika jioni tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja. Fedha hawajaomba. Wanaomba sakafu, taa na paa, kwa sababu masika yakianza huhangaika kwenye baraza za watu na kufukuzwa. Kamati nyingine zimekubali mara moja. Nyingine zimekataa, zikisema karate ni ugomvi, au kwamba kule kuinama kabla ya mazoezi ni ibada ya kigeni. Tunawaheshimu waliokataa. Ila tumegundua kwamba wengi wao hawajapata kumwona mtu wa karate akiishi siku yake nzima, na tungependa tuanzie hapo.

Mwanafunzi wa karate wa hapa Morogoro huamka saa kumi na moja alfajiri. Wengi wao ni waendesha bodaboda, vibarua wa sokoni, mafundi na wanafunzi wa sekondari, watu ambao siku yao ikishaanza haina nafasi tena. Anakimbia kupanda Barabara ya Boma kuelekea mlimani, anageuka kabla jua halijatoka, anaoga, anakunywa uji, anaenda kazini. Njiani amepishana na akina mama wanaoshuka kutoka vijiji vya Uluguru na mikungu ya ndizi na matenga ya mboga vichwani. Mtazameni mama huyo siku moja kwa makini. Magoti yamekunjika kidogo, kiuno kimeshuka, mgongo umenyooka, unyayo unapapasa ardhi kabla ya kuikanyaga kwa uzito wote, na kichwa hakichezi. Huo ndio msimamo ambao mwanafunzi wa karate atautafuta miaka mitatu kwa jasho, na mama yule anao tangu akiwa binti. Tunalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba mambo haya ni mageni kabisa kwa miili yetu.

Jioni ndiyo mazoezi. Wanafagia, wananyunyiza maji kidogo kupunguza vumbi, wanavua viatu, wanajipanga kwa mstari kufuatana na mikanda. Kisha inaanza kazi ambayo, tuwe wakweli, inachosha hata kuitazama. Ngumi moja ile ile, mara mia. Hatua moja ile ile mbele, kisha nyuma, mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi. Hiyo huitwa kihon, yaani mambo ya msingi. Baadaye huja kata, mfululizo wa mapigo na vizuizi dhidi ya adui asiyeonekana, ambao lazima ukumbukwe kwa mpangilio wake bila kukosea hata mguu. Kumite, yaani kupambana na mwenzako, huja mwisho, kwa muda mfupi, na kwa wanaoanza hupangwa kabisa nani atapiga, wapi, na mwenzake atazuia vipi. Kijana aliyekuja kwa sababu ya sinema za vibanda vya video huacha katika mwezi wa pili. Anayebaki ni yule aliyeweza kuvumilia kurudia.

Wanahesabu kwa Kijapani: ichi, ni, san, shi, go. Tuseme kwa pembeni kwamba watoto wetu huyatamka maneno haya vizuri kuliko wageni wengi kutoka Ulaya, kwa kuwa silabi za Kijapani, kama za Kiswahili, nyingi huishia kwa irabu. Mwalimu mmoja alituambia hilo kwa fahari kubwa, na sisi tulilipenda.

Vifaa vyao havina gharama ya kutisha. Gi, ile nguo nyeupe, hushonwa na fundi cherehani yeyote kwa kitambaa kigumu cha pamba. Makiwara ni ubao uliosimikwa ardhini na kuviringishwa kamba, wa kuzoesha ngumi. Wajapani walitumia kamba ya majani ya mpunga, na katika mkoa wetu wenye mashamba ya mkonge kamba ya katani inatosha. Chi-ishi, kifaa cha kuimarisha vifundo vya mikono, ni fimbo iliyochomekwa katika kopo la rangi lililojazwa saruji. Mitungi ya kushika kwa vidole na kutembea nayo, ambayo watu wa Okinawa waliitumia, mama zetu wanayo jikoni.

Okinawa ni visiwa vya kusini mwa Japani, na historia ya karate ya huko inahusu sana kamati zenu. Mchezo huu haukufika kwa umma kupitia majeshi wala kumbi za starehe. Ulifika kupitia shule. Mwaka 1901 mzee Anko Itosu alianza kuuingiza katika shule ya msingi huko Shuri. Aliona kwamba mbinu za zamani zilikuwa nzito na za hatari kwa watoto, akatunga kata tano nyepesi alizoziita Pinan, jina lenye maana ya amani na utulivu. Mwanafunzi wake Gichin Funakoshi, aliyezaliwa 1868 na kufariki 1957, alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, na ndiye aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922 katika maonyesho ya elimu ya viungo. Chojun Miyagi (1888 hadi 1953) akaanzisha mtindo wa Goju-ryu, jina linalounganisha ugumu na ulaini. Wote hawa walikuwa walimu waliokabiliana na swali lile lile lililo mbele yetu, kwamba kitu chenye uwezo wa kuumiza kinafundishwaje kwa mtoto ili kimjenge.

Tanzania ilikipata kitu hiki katika miaka ya 1970. Mtu anayekumbukwa zaidi na watu wa Goju-ryu nchini ni Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha Dar es Salaam, katika shule ya Zanaki. Angalieni tena: shule. Kutoka katika ukumbi ule wanafunzi walitoka wakawa walimu wa wengine, na mpaka leo walimu wengi wa mtindo huo nchini wanahesabu ukoo wao wa mazoezi kurudi Zanaki.

Sasa kuhusu kuinama. Mwanzo na mwisho wa mazoezi wanafunzi hupiga magoti, hufumba macho kwa muda mfupi ili kutuliza pumzi, kisha humwinamia mwalimu na kuinamiana wao kwa wao. Funakoshi mwenyewe aliiweka adabu hiyo mbele ya mbinu zote. Katika mkoa huu tunakaa na makabila ambayo binti hupiga magoti kumsalimia mzee, na hakuna aliyesema kwamba anamwabudu. Ni kweli kwamba katika baadhi ya kumbi huwekwa picha ya mwalimu wa kale ukutani na wanafunzi huielekea. Ikiwa wazee wa usharika wanaona picha hiyo inawakwaza waumini, wamwambie mwalimu asiiweke, na mazoezi hayatapungukiwa kitu. Sisi tumeuliza, na walimu tuliozungumza nao hawakuona shida. Kwa hiyo sababu hii haitoshi kufunga mlango.

Lile la ugomvi lina uzito zaidi. Mitaani kuna hadithi kwamba mwenye mkanda mweusi mikono yake huandikishwa polisi. Mikono haiandikishwi. Kanuni ya Adhabu inamruhusu kila mtu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari aliyonayo, na inamtia hatiani anayezidisha, awe mwanakarate au muuza nyanya. Mwalimu mzuri hulifundisha hili siku ya kwanza, na humfukuza mwanafunzi anayepigana mtaani. Mwalimu asiyewafukuza wagomvi ndiye wa kuogopwa, na hao wapo. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba kabla ya kutoa ukumbi, kamati ikaangalie mazoezi mara mbili bila kutoa taarifa. Mtaona wenyewe iwapo mkubwa anampiga mdogo na watu wanacheka. Mkiliona hilo, msitoe ukumbi, hata kama barua ya maombi imeandikwa vizuri namna gani.

Kisha ulizeni usajili. Vilabu na vyama vya michezo nchini husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na afisa michezo wa halmashauri atawaeleza utaratibu.

Hapa tuna neno zito kuhusu wasichana. Katika maombi ya fedha yanayopita mezani kwetu, karate huuzwa kwa wafadhili kama kinga ya binti dhidi ya ubakaji. Ndugu wafadhili, tunawaomba msiinunue kwa maneno hayo. Ni vema binti ajifunze kusimama imara, kupaza sauti kutoka tumboni, kupima umbali na kukimbia mapema, na tumewaona wasichana wa kidato cha pili waliokuwa hawawezi kujibu swali darasani wakihesabu kwa sauti mbele ya wanaume thelathini. Hilo tunalithamini sana. Lakini watoto wengi wanaodhulumiwa hudhulumiwa na watu wanaowafahamu, wa nyumbani, wa jirani, wa shuleni, na ndiyo, hata wa kanisani na wa kilabu cha michezo. Teke halimsaidii mtoto dhidi ya mjomba anayemlisha. Kinachomsaidia ni mtu mzima atakayemsikiliza na kuchukua hatua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na ulinzi wake ni wajibu wetu. Sharti letu la kwanza la ukumbi kwa hiyo ni kwamba katika kila kipindi chenye watoto wawepo watu wazima wawili, mmoja awe mwanamke, na asiwe mke wa mwalimu. Kamati moja ilituuliza kama hili si kumtuhumu mwalimu. Mwalimu mwema hulipokea kwa furaha, maana linamlinda yeye pia.

Tumalizie na fedha, maana najua wengine wenu mmekuwa mkisubiri. Mikanda ya rangi ni jambo la karibuni katika karate. Funakoshi alitoa daraja za kwanza za dan mwaka 1924, kwa kufuata mfano wa judo. Leo kila mkanda una mtihani na kila mtihani una ada, na ada hiyo ndiyo inayowaondoa vijana wetu, zaidi ya mwili kuchoka. Kijana anafanya mazoezi mwaka mzima, siku ya mtihani hana nauli wala ada, anaona aibu, harudi. Pana wafadhili waliopendekeza kununua gi mia moja na kupeleka timu mashindanoni. Tunashukuru kwa moyo huo, ila tungependa kushauri vingine. Karate iliingia katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ikaachwa Paris mwaka 2024, kwa hiyo tusiwaahidi vijana medali ambazo haziko hata kwenye ratiba. Wekeni fedha hizo kwenye luku ya ukumbi, kwenye choo cha wasichana chenye kitasa, na kwenye mfuko mdogo wa ada za mtihani ambao kijana ataurudishia kidogo kidogo kwa kufagia ukumbi na kufundisha wanaoanza. Nauli nayo si mlima tena kama zamani. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, mtahini anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni ile ile, na ni nafuu kumleta mmoja huku kuliko kupeleka ishirini kule.

Fomu za makubaliano ya ukumbi zipo mezani pale nyuma, kurasa mbili tu, na nafasi ya sahihi ya mzee wa kanisa, ya mwalimu na ya mzazi mmoja. Funguo zibaki kwa mtunza ukumbi, asipewe mwalimu. Na Jumatano msiwape, wanakwaya wameshatuonya.