Chembe Hai na Kamati ya Harusi



Mwanafunzi aliyewahi kubandua utando mwembamba wa kitunguu na kuuweka chini ya hadubini ameona jambo ambalo babu zetu hawakuwa na chombo cha kuliona: kitunguu kimejengwa kwa vyumba vidogo vidogo, kimoja ubavuni mwa kingine, kama ukuta wa matofali. Mwingereza Robert Hooke aliona vyumba vya namna hiyo katika gome la mti, akaandika habari zake mwaka 1665. Ndizo seli, au chembe hai. Mbuyu, mbuzi, mzabibu wa Makutupora na wewe unayenisikiliza, nyote mmejengwa kwa hizo. Kila chembe huzaliwa na chembe nyingine, na mara nyingi ugonjwa wa mtu ni ugonjwa wa chembe zake.

Leo nazungumzia chembe ya aina moja tu, ile nyekundu ya damu.

Ikiwa na afya, ni duara bapa lililobonyea katikati, laini kiasi cha kujikunja ikapita katika vishipa vyembamba kuliko yenyewe. Imejaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Ikikomaa haina hata kiini; imekitupa ili mzigo upate nafasi, kama basi lililong'olewa viti. Huishi siku zipatazo 120, na nyingine hutengenezwa ndani ya uloto wa mifupa.

Sasa, hemoglobini ina minyororo, na mmojawapo una vipande 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, kipande cha 6 ndicho kilichobadilika. Basi, hicho kimoja tu! Lakini oksijeni ikipungua, hemoglobini hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe hupinda kama mundu. Mundu haupiti panapopita duara. Hukwama, damu ikazuiwa njia, na mtoto akalia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Tena chembe hizo hufa baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka nchini Tanzania.

Mwaka 1954 Dakta Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui selimundu, na ana kinga fulani dhidi ya malaria. Aliikuta kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na kwa uchache katika nyanda za juu zenye mbu wachache.

Hapo ndipo habari inapofika kwetu Kikuyu. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo, watu wamemiminika kutoka kila pembe ya nchi. Kijana wa Musoma hukutana na binti wa Tanga darasani katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, pale palipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Wote wawili wazima, wanacheza mpira, wanapanda Mlima Simba bila kuhema. Posa inapelekwa. Kamati ya harusi inauliza ukumbi, keki na gari la maharusi. Damu haiulizwi na mtu.

Wakiwa wote wamebeba kasoro hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba. Wapo wanaodhani kwamba akishapatikana mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, hesabu huanza upya kila mara.

Mtoto akianza kuugua, lawama humwangukia mama, au jirani mzee hushukiwa uchawi. Lakini mgonjwa wa namna hii amepata kasoro kwa mama na kwa baba. Mume anayemrudisha mke kwao kwa madai ya damu mbaya amerudisha nusu ya sababu. Nusu nyingine amebaki nayo mwenyewe.

Tiba zipo. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza vipindi vya maumivu. Na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa Dodoma, ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu: chembe mama za damu za ndugu anayelingana naye huingizwa mwilini mwa mgonjwa, zikaanza kuzaa chembe za duara. Ni tiba nzito, na si kila mtoto ana ndugu anayelingana naye.

Kipimo chenyewe huhitaji damu kidogo tu. Wachumba wakikutwa wote wana kasoro, hakuna sheria inayowakataza kuoana. Uamuzi ni wao. Ila watajua kumpima mtoto mapema, maana katika miezi 6 hivi ya kwanza hemoglobini aliyozaliwa nayo bado humlinda, na mama huona mtoto ni mzima kabisa. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvimba viganja na nyayo, na nyumba nyingi husema ni baridi.