Uzito Usiohesabiwa: Tatizo Kuu la Kujiundia Katamarani ya Injini kwa Safari za Pwani

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya mafundi boti na watu wanaokusudia kujiundia vyombo vyao wenyewe. Katamarani haihitaji maelezo marefu mbele ya watu wa pwani: ni boti yenye miili miwili iliyounganishwa na daraja, haibebi farumi, na utulivu wake hutokana na upana. Wavuvi wetu wanaijua kanuni hiyo kupitia mirengu ya ngalawa, na abiria wa Dar es Salaam na Unguja hupanda katamarani za aluminiamu zilizoundwa Tasmania, Australia. Faida zake nazo zinajulikana. Mwili ambao urefu wake ni mara kumi au zaidi ya upana wake hupasua maji bila kuinua wimbi kubwa, kwa hiyo injini mbili za wastani hutosha. Maji ya bamvua yakipwa, chombo hukaa wima mchangani na kusafishwa chini bila kulipia chelezo. Usajili, taa, redio na vifaa vya kuokolea maisha viko chini ya TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya, na mada hii haikusudii kutafsiri kanuni zao.

Linalobaki, na ambalo limesemwa katika mafunzo mengi bila kushika mizizi, ni uzito. Chukua katamarani yenye urefu wa meta 11 kwenye mstari wa maji, kila mwili ukiwa na upana wa meta 1. Kwa kuwa miili huchongoka, eneo lote linalokatwa na maji ni takriban meta mraba 16. Katika maji ya chumvi, kila sentimeta 1 ya kuzama zaidi hubeba kilo 165 hivi. Boti ya mwili mmoja yenye urefu huohuo na upana wa meta 3.4 hubeba karibu kilo 280 kwa sentimeta hiyohiyo. Wembamba unaotupa wepesi ndio huohuo unaotunyima ruhusa ya kupakia. Ikiwa chombo kilichorwa kwa tani 5 kikashuliwa na tani 6, kitakuwa kimezama sentimeta 6 zaidi kabla abiria wa kwanza hajapanda. Na kwa kuwa injini na matangi mara nyingi hukaa nyuma, sehemu kubwa ya kuzama huko huwa tezini: maji hushika ukuta wa nyuma na kuvuta chombo, mafuta yanaliwa zaidi, na nafasi kati ya maji na tumbo la daraja hupungua. Daraja lililokusudiwa kukaa sentimeta 60 juu ya maji huanza kupigwa na mawimbi ya kusi katika mkondo wa Pemba, pigo baada ya pigo, pale hasa ambapo viungo vya daraja na miili vinabeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Tani hiyo haiingii kwa mkupuo. Mkeka wa faibaglasi wa gramu 450 kwa meta mraba hunywa rezini karibu mara mbili ya uzito wake, hivyo tabaka moja lililoongezwa “kwa usalama” juu ya meta mraba 100 huleta kilo 135 hivi. Makabati ya mninga badala ya plaiwudi nyembamba, vigae vya jikoni, jenereta, betri za akiba, tangi la maji la lita 400 badala ya 200: kila kimoja kina sababu yake nzuri, na hakuna anayeandika jumla. Baya zaidi ni kwamba katamarani iliyozidiwa hailalamiki mapema. Boti ya mwili mmoja iliyopakiwa vibaya mara nyingi huonyesha dalili gatini, kwa kuinama au kuyumba kwa uzito. Katamarani hubaki imesimama wima, imetulia, na mwenyewe huamini kwamba yote ni salama.

Fundi aliyekulia kwenye majahazi atasema kwamba kizito ndicho chenye nguvu. Kwa jahazi hoja hiyo ina msingi: mbao nene na mataruma ya karibu vimehimili bahari yetu kwa vizazi. Lakini jahazi huhitaji uzito chini ili lisimame, katamarani haihitaji. Kila kilo inayoongezwa kwenye miili huongeza mzigo kwenye viungo vya daraja, kwa hiyo tabaka lililowekwa mahali pasipohitajika linadhoofisha chombo. Wengine husema dawa ni injini kubwa zaidi. Injini kubwa ni nzito, hula mafuta zaidi, na mafuta hayo nayo yana uzito, kilo 84 kwa kila lita 100 za dizeli. Hoja ya tatu naiheshimu: tanueni miili. Inawezekana, mradi uamuzi ufanyike kwenye karatasi kabla ya ubao wa kwanza kukatwa, na mwenyewe akubali kwamba wepesi aliouota utapungua. Ama gharama ya vifaa vyepesi, hiyo ni kweli tupu. Povu gumu na epoksi huagizwa kutoka nje. Hata hivyo plaiwudi nzuri ya baharini inatosha kwa chombo cha ukubwa huu, na fedha nyingi huokolewa kwa kutonunua vitu ambavyo chombo hakikuchorwa kuvibeba.

Napendekeza, kwanza, kila mradi uwe na daftari la uzito tangu siku ya mchoro, lenye safu tatu: uzito uliokadiriwa, uzito uliopimwa, na umbali wa kitu hicho kutoka tezini. Mizani iwe kifaa cha kudumu karakanani kama msumeno. Ndoo ya rezini ipimwe kabla ya kazi na baada yake, na kipande cha majaribio kipimwe kikiwa kikavu na baada ya kupakwa. Fundi akiona kwa macho rezini imezidi uzito wa mkeka mara tatu, atajifunza kukamua kwa kibao cha mpira bila kuhubiriwa. Plaiwudi isiyojulikana asili yake ichemshwe kipande kwa saa kadhaa, na tabaka zikiachana irudishwe dukani.

Mchoraji aache akiba ya uzito iliyoandikwa waziwazi, asilimia 10 au zaidi kwa mtu anayeunda mara ya kwanza, na kimo cha daraja juu ya maji kipimwe chombo kikiwa na mzigo kamili, matangi yakiwa yamejaa. Mwenyewe asibadilishe injini, matangi wala makabati bila kurudi kwenye daftari. Narudia kwa kuwa ndipo miradi mingi inapoharibikia: kitu kisichoandikwa kisipandishwe chomboni.

Siku ya kushua, alama nne zipakwe rangi, mbili omoni na mbili tezini, kwenye mstari uliochorwa, na tofauti ipimwe kwa rula kabla ya chochote kupakiwa. Vyuo vinavyofundisha mambo ya bahari, kikiwemo Chuo cha Bahari Dar es Salaam, vingefaa kuweka zoezi la daftari la uzito katika mafunzo ya mafundi wadogo. Mamlaka zinazokagua vyombo nazo, kwa kadiri kanuni zinavyoruhusu, zifikirie kuliomba daftari hilo pamoja na michoro mwenyewe anapofika kuomba usajili.