Matairi ya Lori ni Mali ya Wanachama
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama, Morogoro



Tumepewa nafasi ya kusema machache katika siku hii ya furaha. Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za hisa, za ghala na za bei ya mazao, nao wameeleza vema. Sisi wa ofisi twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo lililo chini kabisa, ambalo macho ya wengi hayalifikii, nalo ni matairi ya lori letu. Huenda wengine wakacheka. Lakini kila kabichi ya Nyandira, kila karoti ya Langali na kila mkungu wa ndizi wa Matombo uliofika sokoni kwa jina la Chama hiki umefika juu ya matairi hayo. Na roho za dereva na utingo wetu zimo juu ya matairi hayo hayo.

Hapana budi tuanze kwa kukiri kosa. Katika mwaka wa nne wa Chama, wakati wa masika, lori letu lilikuwa likishuka kutoka Mgeta kuelekea Mlali, limejaa kabichi na karoti. Tairi moja la mbele likapasuka. Dereva alilishikilia lori kwa nguvu zake zote, akaliegemeza kwenye ngema upande wa mlima, lisije likaenda upande wa bonde. Utingo alivunjika mguu. Mazao yalikaa mvuani siku mbili yakaoza, na akina mama waliokuwa wamekwisha kuzihesabu fedha zile kwa sare na madaftari ya watoto walibaki mikono mitupu.

Halmashauri ilipokutana, neno la kwanza lilikuwa kwamba dereva aachishwe kazi. Ndipo likafunguliwa daftari la safari. Humo, kwa mwandiko wake mwenyewe, dereva alikuwa ameandika mara tatu kwamba matairi ya mbele yamekuwa kipara. Na kando ya kila ombi, kwa wino mwekundu, palikuwa na neno moja tu: "Subiri." Mwandiko ule ulikuwa wa ofisi, ulikuwa wetu. Chumba kizima kilinyamaza. Dereva hakuachishwa kazi. Utingo naye, mguu ulipounga, alipewa kazi ya mizani ghalani, maana hawezi tena kupanda na kushuka lori. Tulitaka kuokoa bei ya matairi mawili, tukapoteza mazao, tukalipia matengenezo ya lori, na kijana wetu akapoteza uzima wa mguu wake. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tangu siku ile tulikaa na madereva na mafundi ili kujifunza. Tumeona yafaa tuyaandike tuliyojifunza katika kitabu hiki cha kumbukumbu, ili vyama vya msingi vyenye magari navyo vifaidike.

Jambo la kwanza ni upepo. Tairi halibebi mzigo kwa mpira wake peke yake. Upepo uliomo ndani ndio ubebao. Mtu aliyelifanya jambo hili lijulikane ulimwenguni ni John Boyd Dunlop, aliyetengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe katika mji wa Belfast, akalipatia hataza mwaka 1888. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, joto hulegeza mpira na kuachanisha nyuzi za ndani, na mwisho wake ni kupasuka. Upepo ukizidi, tairi huwa gumu, huliwa katikati, na jiwe la barabarani hulijeruhi upesi. Basi kipimo ni kile kilichoamriwa na watengenezaji, nacho hupimwa asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Dereva akilipima Chalinze baada ya mwendo wa lami katika jua kali, ataona kipimo kimepanda. Asipunguze, maana likipoa litakuwa na upungufu. Tena tusitosheke kuligonga kwa chuma na kusikiliza mlio. Sikio haliwezi kusoma kipimo.

Jambo la pili ni mzigo. Kila tairi limeandikwa ubavuni uzito uwezao kubebwa nalo. Gunia moja la kuongeza, na jingine la jamaa, na jingine la rafiki wa jamaa, yote hayo tairi huyahesabu hata kama karani hakuyahesabu.

Jambo la tatu ni ukaguzi. Zile kashata na mifereji iliyo usoni mwa tairi si mapambo. Mifereji hutoa maji chini ya gurudumu, na kashata hushika tope. Kipara hakina mfereji. Barabara ikiloa huteleza kama mtu aliyevaa viatu vya soli laini katika utelezi wa Kinole. Ndani ya mifereji mna vijituta vidogo vya alama. Uso wa tairi ukilingana navyo, yaani umebaki milimita 1.6 hivi, tairi limekwisha kazi yake. Nasi kwa milima yetu twaonelea tusingoje kufika hapo. Dereva atazame pia mikato, uvimbe wa ubavuni, misumari, na kifuniko cha valvu kisikosekane. Katika magurudumu pacha ya nyuma, aondoe mawe yaliyokwama katikati, na apime yote mawili, kwa kuwa moja likiishiwa upepo mwenzake hubeba mzigo wa wawili.

Jambo la nne ni ulaji usio sawa. Tairi likiliwa upande mmoja, kosa si la tairi. Magurudumu hayakunyooka, au kuna kifaa kilicholegea. Kuweka tairi jipya bila kurekebisha kosa hilo ni kumwaga maji katika pakacha. Na matairi ya mbele na ya nyuma yabadilishwe nafasi kwa wakati, kama fundi atakavyoelekeza, ili yazeeke pamoja.

Jambo la tano ni umri. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu 4 za mwisho za namba ya utengenezaji: 2 za juma na 2 za mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, hasa ukipigwa na jua au kuguswa na mafuta. Kwa hiyo tununuapo tusitazame weusi na mng'ao tu, tusome tarakimu.

Jambo la sita ni mwendo. Mteremko ushukwe kwa gia nzito, wala si kwa breki peke yake, maana breki zikiwaka huipeleka harara yake hata kwenye rimu na tairi.

Ndugu zetu, twapaswa kukumbuka pia kwamba tairi ni ghali kwa nchi nzima. Tulikuwa na kiwanda cha General Tyre kule Arusha, na mashamba ya mpira, mojawapo likiwa Kalunga katika mkoa wetu huu wa Morogoro. Kiwanda kilisimamisha kazi mwaka 2009, na tangu hapo tumetegemea sana matairi ya ng'ambo. Kila tairi linaloharibika kwa uzembe wetu limekula jasho la mkulima wa Uluguru.

Hivyo basi, leo katika ofisi yetu mna daftari la matairi. Kila tairi lina namba yake, tarehe ya kununuliwa, mahali lilipofungwa, na vipimo vya upepo vya kila juma. Mali bila daftari huisha bila habari. Na dereva akiandika kwamba tairi halifai, Katibu hana ruhusa ya kuandika "Subiri." Lori husimama mpaka Mwenyekiti na fundi walione tairi kwa macho yao. Tairi lililokwisha huuzwa kwa washona katambuga. Huko ndiko lifaako, si barabarani.

Mwisho, twamwomba kila mwanachama ahesabu kwamba yeye ndiye mwenye lori. Unapolileta gunia lako, lizunguke lori, tazama matairi, uliza. Dereva hataudhika; ameagizwa akuonyeshe. Na ukiona kipara, usinyamaze kwa kutuheshimu sisi wa ofisi. Tulikwisha kuheshimiwa hivyo mara moja, na aliyelipa ni kijana yule wa mizani mnayemwona pale mlangoni.

 Udumu Ushirika.