Imani Yako Ikifika Dukani



Vijana wenzangu, haya ni mazungumzo tuliyofanya na vijana baada ya swala ya Isha. Wengi waliomba yaandikwe ili hata ambao hawakuwepo wayapate. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema. Soma taratibu, na ukimaliza mpelekee mwenzako.

Kuna usemi ambao sote tunaujua: biashara ni biashara. Muulize mtu mbona kilo yake haifiki kilo, atakwambia biashara ni biashara. Muulize bosi mbona kijana wake wa duka hajalipwa na mwezi mwingine umefika katikati, jibu ni lile lile. Ukizidi kuuliza utaambiwa wewe ni mdogo, hujui maisha. Ukiyachambua maneno hayo, maana yake ni kwamba dini ina mahali pake msikitini, duka nalo lina mahali pake sokoni, na hivi viwili visikutane.

Mimi nakataa. Nasema hakuna biashara isiyo na itikadi. Kila anayeuza na kununua anaamini kitu, na hicho anachokiamini kitaonekana tu, kwenye mizani yake na kwenye mfuko wa yule aliyemwandika kazi. Hata huyo anayesema biashara ni biashara tayari ametamka shahada ya aina yake. Anaamini faida iko juu ya kila kitu.

Imani hiyo ina wasomi wake. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika makala maarufu katika jarida la New York Times akishikilia kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida. Lakini hata yeye aliweka sharti: faida hiyo ipatikane ndani ya kanuni, bila hila wala udanganyifu. Wengi wameshika nusu ya kwanza wakaiacha ya pili.

Kule Japani kulikuwa na Shibusawa Eiichi, aliyezaliwa 1840 na kufariki 1931. Huyu alisaidia kuanzisha makampuni karibu 500, na kitabu kinachobeba mafundisho yake kilitoka 1916 kikiunganisha mafunzo ya mwanafalsafa Confucius na abakasi, kile kifaa cha kuhesabia cha wafanyabiashara. Kwake yeye, utajiri usiosimama juu ya uadilifu haudumu. Kwa hiyo falsafa zinaingia dukani, dini zinaingia dukani. Swali ni ipi iliyoingia kwako.

Sasa tuje kwetu. Nabii Shuayb alayhi salaam alitumwa kwa watu wa Madyan. Alipowalingania alianza na kumwabudu Allah peke yake, kisha papo hapo akawaambia watimize vipimo na mizani wala wasiwapunje watu vitu vyao. Hakupumzika katikati. Na watu wake walishangaa nini? Walimuuliza kama swala zake ndizo zinazomwamrisha awazuie kufanya watakavyo na mali zao. Yaani tangu zama zile watu walikuwa wakisema biashara ni biashara! Walikuwa tayari kumvumilia mtu anayeswali, mradi swala yake isiguse mfuko.

Kisha tuna Surat al-Mutaffifin, sura ya 83. Sura nzima imepewa jina la wapunjaji. Na mpunjaji aliyetajwa mle ana pande mbili: akipokea kutoka kwa watu anataka kipimo kijae, na akiwapimia wao anapunguza. Hebu zitazame pande hizo Kenya ya leo. Kuna muuzaji aliyeigonga gorogoro kwa chini mpaka ikaingia ndani, mama anayenunua unga hajui kwamba anabeba hewa. Huyo ni wa kupunguza. Halafu kuna dalali anayemfuata mkulima wa viazi na gunia lililoongezewa juu mpaka limekuwa mlima, analipa bei ya gunia moja. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia ni kilo 50, naye anajua. Huyo ni wa kujaza.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini haba na haba pia hukipunguza kibaba, na siku ya hesabu kila punje itatafuta mwenyewe.

Hapo mtu atasema, basi dawa ni kuwa na imani, tumcheni Mungu na mambo yatanyooka. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Nitawapa kisa kimoja kutoka kwa watu wa dini nyingine, kwa sababu kinatufundisha.

Kuna madhehebu ya Kikristo yanayoitwa Quaker. Hapa kwetu wanaitwa Friends, wako wengi magharibi mwa Kenya, na misheni yao ya Kaimosi ilianza 1902. Walipoanza Uingereza karne ya 17, kila kitu sokoni kilikuwa cha kupatana bei. Wao wakasema kutaja bei ambayo moyoni unajua hutaishikilia ni aina ya uongo. Wakaweka bei moja kwa kila mteja. Watu wakaanza kuwaamini, na biashara zao zikakua. Mkutano wao wa kidini nao ulikuwa unachunguza mambo ya biashara ya wanachama wake, na aliyefilisika kwa uzembe aliweza kutengwa.

Katika watu hao wakatoka akina Cadbury, wenye chokoleti. Mwaka 1879 walihamishia kiwanda chao Bournville, karibu na Birmingham, na baadaye wakajenga hapo mtaa wenye nyumba nzuri na bustani. Wafanyakazi wao walitunzwa kuliko wengi wa zama hizo. Imani ilionekana.

Lakini kakao ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kisiwa cha São Tomé, koloni la Wareno, ambako watu waliochukuliwa kutoka Angola walifanyishwa kazi kwa jina la mkataba na hali halisi ilikuwa utumwa. Habari hizo ziliwafikia Cadbury mwaka 1901. Waliandika barua, wakaomba ahadi za serikali ya Ureno, wakatuma mtu achunguze. Na muda wote huo wakaendelea kununua. Waliacha 1909. Miaka minane! Gazeti moja la London, Standard, lilipowaandika kwa ukali walilishtaki. Kesi walishinda, lakini jopo la raia waliosikiliza kesi likawapa fidia ya fardhingi moja, robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote. Ni kama kumwambia mtu: umeshinda, lakini tumekuelewa.

Sisemi hawa hawakuwa na imani. Walikuwa nayo, na mfanyakazi waliyemwona kila siku aliifaidi. Yule Mwafrika wa mbali, asiyeonekana, hakuifaidi. Hapo ndipo funzo lilipo. Imani ya moyoni inahitaji jicho la nje. Mtu mzuri akiachwa ajikague mwenyewe, atajipa muda mrefu sana.

Na hili, ndugu zangu, Waislamu wa mwanzo walilijua. Mtume (S.A.W.) hakuishia kuhubiri kuhusu soko. Alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta umajimaji chini. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka juu watu wauone, kisha akaeleza kwamba anayedanganya si katika sisi. Angalia vizuri: aliingiza mkono. Alikagua.

Kutokana na hayo ikaja kazi ya hisba. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimpa bibi mmoja, Shifa bint Abdullah, jukumu katika mambo ya soko, na dada zangu walishike hilo. Baadaye wanazuoni wakaiandikia kazi hii. Al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki 1058, ana mlango mzima kuhusu hisba. Karne moja baadaye al-Shayzari, huko Sham, akaandika mwongozo wa mkaguzi wa soko, muhtasib, unaopita kazi moja baada ya nyingine, waokaji, wachinjaji, wauza dawa, na kueleza hila za kila mmoja. Hawakusema huyu ni Muislamu mwenzetu tumwamini tu. Walisema ni Muislamu, na mizani yake ipimwe.

Sisi leo tumebaki na hotuba, mkaguzi tumempoteza.

Tuseme ukweli, mahali pamoja tumejitahidi. Kwenye riba tumeweka wakaguzi. Tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia kamili, na zina bodi za masheikh wa kutazama mikataba. Benki hainunui deni lako kwa riba. Inanunua bidhaa, kisha inakuuzia kwa faida unayoijua tangu mwanzo. Hiyo ni imani iliyopewa mtu wa kuilinda. Lakini nauliza, nani anakagua gorogoro? Nani anakagua mshahara wa dada anayeuza mabuibui? Neno halali limeandikwa mlangoni kwa rangi ya kijani. Limeandikwa kwenye daftari la mishahara?

Katika kazi hii ninayoifanya, malalamiko tunayoletewa sana na vijana yanafanana. Dada ameajiriwa duka la nguo. Hana barua ya kazi. Ramadhani inaingia, anafungua asubuhi, anafuturu kwa tende na maji akiwa amesimama, anafunga usiku wa manane. Mkesha wa Idd duka limejaa, pesa zinahesabiwa, na yeye anaambiwa mshahara asubiri kidogo. Anarudi nyumbani bila hata ya kuwanunulia wadogo zake nguo zile zile alizouza mwezi mzima. Na bosi huyo huyo ametoa futari ya mamia ya watu, picha ziko kila mahali. Futari ile ni kheri, lakini mshahara wa dada yule si sadaka. Ni deni. Mtume ametufundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na hapa jasho limekauka mara tatu.

Dada huyo akisema, ataambiwa nini? "Wewe ni kama binti yetu, mambo ya nyumbani usiyatoe nje." Undugu ukawa kufuli ya kumfunga mdomo.

Kwa hiyo jueni haki zenu. Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Kifungu cha 46 kinamlinda mnunuzi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Akishindwa kuutoa mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Basi usikubali kuambiwa huna barua kwa hivyo huna haki. Na msipoteze muda kwa kwenda pasipo: Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170, inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu. Mambo ya mshahara anzeni ofisi ya leba. Mizani nayo ina maafisa wa vipimo wa kaunti, na kila mizani ya biashara inatakiwa iwe na muhuri wao. Ukienda dukani, tazama muhuri.

Nawaomba mambo matatu.

Kwanza, anayefanya kazi aandike. Tarehe aliyoanza, saa anazoingia na kutoka, pesa alizolipwa, ujumbe wa M-Pesa asiufute. Daftari la shilingi hamsini limewahi kumsaidia mtu kuliko shahidi.

Pili, wewe mwenye kijiduka, mwenye boda mbili, unayeuza nguo mtandaoni, usisubiri uwe tajiri ndipo uwe mwadilifu. Weka bei wazi. Taja kasoro ya bidhaa kabla mteja hajaiona. Imepokewa kwamba Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa Kufa, aliitoa sadaka pesa yote mshirika wake alipouza kitambaa chenye kasoro bila kuitaja. Na yule mmoja uliyemwandika, mlipe siku mliyokubaliana.

Tatu, tuirudishe hisba kwa njia ya amani na ya sheria. Vijana wa kila msikiti wanaweza kuiomba kamati, kabla ya Ramadhani, iwaite wafanyabiashara wa mtaa na kuwauliza hadharani maswali mawili: mizani zenu zimepigwa muhuri? Wafanyakazi wenu wana mikataba? Tusimvizie mtu wala kumtangaza kwa majina mtandaoni. Tuanze kwa nasaha, mlango wa sheria ubaki wazi.

Tumepiga kelele kuhusu vitambulisho vya vijana wetu. Tumepiga kelele kuhusu wanaopotezwa. Na tutaendelea. Lakini mwenye kuidai haki kwa serikali aweke haki kwenye kaunta yake, la sivyo tutakuwa kama yule aliyetajwa kwenye sura ya 83: tukipokea tunataka kijae, tukitoa tunapunguza.

Allah atujaalie riziki ya halali, atupe ujasiri wa kusema, na moyo wa kukubali kuambiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.