Mikono ya Musa na Miguu ya Nahodha

Dominika ya 29 ya Mwaka C
Masomo: Kut. 17:8-13, 2 Tim. 3:14–4:2, Lk. 18:1-8



Ndugu wapendwa wasikilizaji, somo la kwanza la Dominika hii latupeleka jangwani, mahali paitwapo Refidimu, ambako Waisraeli wameshambuliwa na Waamaleki. Bondeni yupo Yoshua, kijana mwenye nguvu, anapigana pamoja na watu aliowachagua. Juu ya kilima yupo Musa, mzee aliyekwisha kupita umri wa miaka 80, ameshika fimbo ya Mungu na kuinua mikono yake. Mikono ikiwa juu, Israeli hushinda. Ikishuka, Amaleki hushinda. Na mikono ya mzee ikawa mizito. Maandiko Matakatifu hayaoni haya kulisema jambo hilo. Yule aliyeinyoshea bahari mkono wake nayo ikagawanyika, leo amechoka mabega.

Tuangalie wenzake walifanya nini. Hawakumfukuza mlimani kwa kuwa amezeeka. Wala hawakukaa pembeni kutazama kama atamudu mpaka jioni. Walitafuta jiwe wakamketisha. Haruni upande mmoja na Huri upande wa pili wakaitegemeza mikono yake mpaka jua lilipokuchwa. Na huko bondeni Yoshua hakuacha kupigana.

Ndugu wapendwa, wengi wenu baada ya Misa ya leo mtautafuta mpira, ama uwanjani, ama redioni. Hilo si dhambi, mradi Misa imetangulia. Sisi wa Mtwara tunaujua mpira. Timu yetu ya Ndanda ilipanda Ligi Kuu katika msimu wa 2014/15 na kubaki humo hadi iliposhuka mwaka 2020, na katika miaka hiyo uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona uliwapokea wakubwa wa nchi hii. Anayeketi jukwaani hujifunza upesi kwamba timu nzima yaweza kuegemea miguu ya mtu mmoja. Na miguu ya mtu ni nyama na mfupa tu.

Fikirini shida ya kocha mwenye nahodha wa namna hiyo. Ndiye mfungaji, ndiye kichwa cha timu. Akiwapo, wenzake hutulia. Lakini umri umekwenda. Leo paja, kesho goti, mwezi ujao kifundo cha mguu. Akimpanga, huenda akatoka akichechemea kabla ya mapumziko. Akimwacha benchi, vijana wanapotea kama kondoo wasio na mchungaji. Mashabiki nao wamegawanyika: hawa wanasema apumzishwe, wale wanasema bila yeye hatuna timu. Na nahodha mwenyewe huficha maumivu, kwa sababu anaogopa siku ile namba yake itakapoinuliwa kwenye ubao, naye asirudi tena.

Jambo hili limetokea mbele ya macho yetu. John Bocco alianza kujulikana akiwa na Azam, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2008. Mwaka 2017 akahamia Simba, akawa nahodha, na kati ya mwaka 2018 na 2021 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa Tanzania mara nne mfululizo. Lakini kila afuatiliaye mpira anajua kwamba mara nyingi majeraha yalimweka nje. Je, timu ilifanyaje? Mwaka 2018 ilimleta Meddie Kagere, mshambuliaji wa Rwanda, kutoka Gor Mahia ya Kenya. Kagere akafunga mabao 23 katika msimu wake wa kwanza, na 22 katika msimu uliofuata. Tungedhani kwamba habari ya nahodha imekwisha. Haikuwa hivyo. Katika msimu wa 2020/21, Bocco akiwa amefikisha miaka 31, alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Mwaka 2024, wakati ulipofika, akaagana na Simba, akaenda kuendelea na kazi yake katika timu ya JKT Tanzania.

Hatuwataji watu hawa ili tuwafanye watakatifu, wala hatuwahubirii ninyi timu fulani. Tunajua mioyo yenu imegawanyika kati ya rangi nyekundu na ya kijani, na Padre hataki kuigawa zaidi. Tunaonyesha jambo moja tu. Timu ile haikuegemeza matumaini yake yote kwenye msuli wa mtu mmoja, wala haikumtupa mtu yule msuli wake ulipouma. Mambo hayo mawili yaliwezekana kwa pamoja.

Maandiko yana habari nyingine inayokaribia sana jambo hili, nayo husomwa mara chache. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21, tunaambiwa kwamba mfalme Daudi alishuka tena vitani dhidi ya Wafilisti, akaishiwa nguvu. Jitu moja lenye mkuki mzito likakusudia kumwua. Huyu ndiye Daudi aliyemwangusha Goliathi! Abishai akaja mbio, akamwokoa mfalme. Ndipo watu wake wakamwapia kwamba hatatoka nao tena kwenda vitani, asije akaizima taa ya Israeli. Sikieni vizuri: kwa kumzuia asiende vitani hawakusema kwamba amekwisha kazi. Walimwita taa. Walimwondoa katika mapambano kwa sababu walimheshimu, wakamwambia hivyo usoni pake.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo Neno la Mungu linapotuchoma sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulihudumia parokia moja ambayo ilikuwa na kigango cha mbali, njia yake ni mchanga mtupu. Katekista wake alikuwa mzee aliyefundisha dini kwa zaidi ya miaka thelathini, akiifikia jumuiya moja baada ya nyingine kwa baiskeli. Goti lake lilikuwa limevimba, tulilijua hilo. Kila mwaka tulisema, "Mwalimu yupo," tukapita. Hatukumtafutia kijana wa kumsaidia, wala hatukumpeleka mtu mafunzoni. Masika moja akaanguka na baiskeli, akalala ndani miezi miwili. Kigangoni hapakuwa na ibada ya Dominika, na watoto waliokuwa wakijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza wakatawanyika.

Ndipo tukatenda kosa la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza. Kwa haraka tukamteua kijana, tukalisoma jina lake katika matangazo baada ya Misa, pasipo kumwambia mzee neno lolote. Mzee alipopona hakuja tena kanisani. Tulipomfuata nyumbani tukasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitika, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba Padre, kumbe mimi nilikuwa miguu tu."

Hatukuwa na la kujibu. Tuliketi mkekani, tukamwomba radhi. Naye, kwa kuwa alikuwa Mkristo kuliko sisi, alicheka kidogo, akasema, "Basi mleteni huyo kijana Jumamosi jioni, nimwonyeshe masomo." Tangu hapo kijana alipanda baiskeli, na mzee alifundisha akiwa ameketi chini ya mwembe wake. Kigango kikasimama tena kwa miguu ya mmoja na moyo wa mwingine.

Kutokana na hayo, tuchukue mafundisho matatu.

Fundisho la kwanza ni kwa jumuiya na viongozi wake. Msimtegemee mtu mmoja hadi aanguke. Kumwambia mtu "bila wewe hatuwezi" kwaweza kuonekana ni sifa, kumbe ni uvivu wetu. Ulizeni leo: nani anajifunza kuongoza ibada? Nani anajua hesabu za kigango isipokuwa mhazini? Nani atafundisha kwaya iwapo mwalimu atalazwa hospitali? Na siku ya mabadiliko ikifika, mwenye kazi aambiwe kwanza, aambiwe ana kwa ana, tena aambiwe na yule mwenye mamlaka. Asiisikie habari yake katika matangazo.

Fundisho la pili ni kwenu ninyi mliochoka mabega. Msione haya kuketi juu ya jiwe. Musa asingekubali kuketi, Israeli wangeshindwa kwa ajili ya heshima yake. Mama Kanisa ametuonyesha njia mbili, na zote ni njema. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Tanzania mwezi Septemba 1990 akiwa na nguvu, aliubeba ugonjwa wake mbele ya macho ya dunia hadi alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Mwandamizi wake, Benedikto wa Kumi na Sita, alipoona kwamba nguvu hazitoshi tena, aliachia uongozi tarehe 28 Februari 2013, akaenda kusali. Mmoja alibaki, mwingine aliondoka. Wote wawili walimwuliza Mungu kwanza. Asiyefaa kuigwa ni yule anayeficha maumivu ili asiachie kiti, na yule anayeachia kiti kwa hasira ili wengine washindwe.

Fundisho la tatu ni kwenu vijana. Yoshua hakupanda mlimani kumnyang'anya Musa fimbo. Alipigana mahali alipowekwa, na wakati wake ulipofika, Musa mwenyewe alimwekea mikono. Katika somo la pili Mtume Paulo, akiwa mzee na mfungwa, anamhimiza Timotheo kijana adumu katika yale aliyojifunza, na akumbuke ni akina nani waliomfundisha. Kijana anayemcheka nahodha anayechechemea ajue kwamba goti lake nalo linahesabu siku.

Mwisho, twende kwenye Injili. Mjane yule hakuwa na nguvu wala fedha, tena hakuwa na mtu wa kumtetea mbele ya kadhi dhalimu. Alikuwa na jambo moja tu: alirudi, akarudi tena. Bwana wetu ametoa mfano huo ili kutufundisha kusali daima bila kukata tamaa. Basi sala ndiyo kazi ambayo jeraha haliwezi kuiondoa mikononi mwa mtu. Yule asiyeweza tena kutembeza miguu aweza bado kuinua mikono. Na tukimwona ameishusha, ni wajibu wetu kwenda kuitegemeza.

Huu ni mwezi wa Oktoba, nanyi mko mashambani mkiokota korosho. Mnaijua mikorosho ya wazee wetu. Mti ukizeeka na mavuno yakipungua, mwenye pupa huung'oa, na mvivu huuacha hivyo hivyo. Lakini mkulima aliyefundishwa huukata juu, akaacha shina, kisha akabebesha vikonyo vya mbegu bora juu ya machipukizi yake. Tawi ni jipya, mizizi ni ile ile ya zamani, na maji yote yanapitia kwa mzee. Leo mkirudi nyumbani, mtafuteni mzee mmoja aliyewahi kuwafundisha sala, mkamwulize hali ya mabega yake.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeyapokea maombi ya mtumishi wako Musa hata mikono yake ilipochoka, uwategemeze wazee wetu, uwape vijana wetu subira, nasi tulio viongozi utupe macho ya kuona mapema na ulimi wa kusema kwa heshima. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.